Kwa nini Marekani na Urusi hazikuachana angani

Tarehe 30 Machi 2022, wiki tano hivi baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, chombo cha Kirusi aina ya Soyuz kilitua kwenye nyika za Kazakhstan kikiwa na watu watatu. Wawili walikuwa Warusi, Anton Shkaplerov na Pyotr Dubrov, na wa tatu alikuwa Mmarekani, Mark Vande Hei, aliyekuwa amekaa angani siku 355 mfululizo. Wakati huo ndege za Urusi zilikuwa zimefungiwa anga ya Ulaya, benki zake kadhaa zilikuwa zimetengwa na mfumo wa malipo wa kimataifa, na Dmitry Rogozin, aliyekuwa mkuu wa shirika la anga la Urusi, Roscosmos, alikuwa amekwisha kuuliza hadharani ni nani atakayekizuia Kituo cha Kimataifa cha Anga kisiwaangukie Wamarekani au Wazungu wa Ulaya iwapo ushirikiano na nchi yake utakatwa. Pamoja na hayo yote, Vande Hei alitolewa chomboni na kikosi cha Warusi, akachunguzwa na madaktari, kisha akapanda ndege ya shirika la anga la Marekani, NASA, iliyomrudisha Texas.

Watu wengi hulieleza jambo hili kwa kusema kwamba wanasayansi wamepita siasa, au kwamba mtu akiiona Dunia kutoka juu husahau mipaka ya nchi. Maelezo hayo yanapendeza, lakini hayatoshi, kwa kuwa mwaka huohuo Shirika la Anga la Ulaya lilivunja ushirikiano wake na Urusi katika safari ya kupeleka gari la utafiti kwenye sayari ya Mars, na wanasayansi wa pande zote mbili walikuwapo na waliumia vilevile. Tofauti ni kwamba mradi wa Mars uliweza kukatwa, na Kituo cha Kimataifa cha Anga, alikotoka Vande Hei, hakikuweza. Kilijengwa kwa namna ambayo kila upande unashikilia kitu ambacho mwenzake hawezi kuishi bila hicho, na kilijengwa hivyo kwa sababu za kisiasa zilizofahamika vizuri tangu mwanzo.

Kabla ya hapo palikuwa na mashindano matupu. Katika miaka ya 1960 Umoja wa Kisovyeti na Marekani zilishindana kumpeleka mtu angani na hatimaye mwezini, na hata pwani ya Afrika Mashariki haikusalimika na mvutano huo. Marekani iliweka kituo cha mawasiliano huko Tunguu, Unguja, kwa ajili ya Mercury, mradi wake wa kwanza wa kupeleka watu angani, na John Glenn alipoizunguka Dunia mwezi Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye alipokuwa akipita juu. Wapo wanasiasa wa visiwani waliokishuku kituo hicho kuwa ni mtambo wa kijeshi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Katika hali ya namna hiyo, wazo la kuunganisha vyombo vya mahasimu wawili lilionekana kuwa ndoto.

Kilichobadilisha mambo ni mchanganyiko wa hofu na hesabu za kidiplomasia. Ajali ya Apollo 13, chombo cha Marekani kilichokuwa njiani kwenda mwezini, mwaka 1970 iliwakumbusha wote kwamba wanaanga wakikwama juu hakuna chombo cha nchi nyingine kinachoweza kuwafikia na kuungana nao, kwa kuwa kila nchi ilikuwa na viungio vyake, yaani mitambo ya kuunganishia vyombo. Wakati huohuo Rais Richard Nixon alikuwa akitafuta kupunguza uhasama na Moscow. Tarehe 24 Mei 1972 Nixon na Waziri Mkuu wa Kisovyeti, Alexei Kosygin, walitia saini mkataba ambao, miongoni mwa mengine, uliahidi kwamba Apollo na Soyuz vitakutana angani mwaka 1975.

Kuahidi kulikuwa rahisi kuliko kutekeleza, na hapa ndipo somo la mambo yote yaliyofuata lilipoanzia. Shida ya kwanza ilikuwa hewa. Ndani ya Apollo wanaanga walivuta oksijeni tupu yenye mgandamizo wa takriban theluthi moja ya ule wa usawa wa bahari, ilhali ndani ya Soyuz mlikuwa na hewa ya kawaida, mchanganyiko wa nitrojeni na oksijeni, kwa mgandamizo uleule tuliouzoea hapa chini. Mtu angetoka Soyuz na kuingia Apollo moja kwa moja, nitrojeni iliyomo katika damu yake ingetoka kwa mapovu, na angepatwa na maradhi yaleyale yanayompata mzamiaji anayeibuka haraka kutoka kilindini. Suluhisho lilikuwa kujenga chumba cha mpito cha kuwekwa kati ya vyombo viwili, na Wasovyeti nao wakakubali kupunguza mgandamizo wa Soyuz hadi karibu theluthi mbili ya kawaida ili muda wa kusubiri chumbani humo uwe mfupi.

Shida ya pili ilihusu kiungio chenyewe. Viungio vya zamani vilikuwa na upande wenye mpini wa kuingia na upande wenye tundu la kupokea, na vyombo viwili vyenye mpini haviwezi kuungana. Mhandisi wa Kisovyeti Vladimir Syromyatnikov na wenzake wa pande zote mbili wakabuni kiungio ambacho pande zake zinafanana, kila upande ukiwa na uwezo wa kusukuma au kupokea. Kwa uokoaji, maana yake ni kwamba chombo chochote kingeweza kukifuata chochote. Kwa siasa, ilimaanisha kwamba hakuna dola itakayoonekana kupokea tu huku nyingine ikitenda, na nadhani sababu hii ya pili ilikuwa na uzito zaidi kuliko wahandisi walivyopenda kukiri. Tarehe 17 Julai 1975 Thomas Stafford na Alexei Leonov wakapeana mikono mlangoni, kila mmoja akisema lugha ya mwenzake. Leonov alizoea kutania kwamba Kirusi cha Stafford, mzaliwa wa Oklahoma, kilikuwa lugha ya peke yake, akaiita Kioklahoma.

Vyombo viliachana baada ya siku mbili hivi, na urafiki nao haukukawia kufifia. Baada ya Wasovyeti kuingia Afghanistan mwishoni mwa 1979 uhusiano ulipoa, na mkataba wa ushirikiano wa anga ulipokwisha muda wake mwaka 1982 Marekani iliuacha ufe. Jambo hili ndilo linalosahaulika picha za 1975 zinaporejewa kila mwaka. Safari ile ilifanikiwa kwa kila kipimo cha uhandisi, lakini haikuacha kitu chochote ambacho upande mmoja ungepoteza kwa kuondoka.

Nafasi ya pili ilikuja kwa sababu zisizohusiana na nia njema. Tangu 1984, chini ya Rais Ronald Reagan, Marekani ilikuwa imepanga kujenga kituo kilichoitwa Freedom, ambacho kilichorwa na kuchorwa upya kwa miaka tisa, kikameza mabilioni ya dola, na kisirushwe hata kipande kimoja. Mwezi Juni 1993 hoja ya kukifuta kabisa ilishindwa katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 216 dhidi ya 215. Upande wa pili, Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umesambaratika, na Urusi ilibaki na kituo cha Mir, roketi za kutegemewa na wahandisi wenye uzoefu ambao mishahara yao ilikuwa haifiki kwa wakati. Washington ilihofu kwamba wahandisi hao, au ujuzi wao, wangenunuliwa na nchi zinazotafuta makombora. Tayari mwaka 1992 Marekani ilikuwa imeziwekea vikwazo taasisi za Urusi na India kwa sababu ya mauzo ya teknolojia ya injini za roketi.

Kuanzia Septemba 1993, Makamu wa Rais Al Gore na Waziri Mkuu Viktor Chernomyrdin walikubaliana kuunganisha mipango yao. Urusi ingepata fedha na kazi kwa wataalamu wake, nayo ingefuata masharti ya kudhibiti uuzaji wa teknolojia ya makombora; Marekani ingepata uzoefu wa kukaa angani kwa miezi mingi, na pia ingepata hoja mpya ya kulishawishi Bunge lake liendelee kulipia kituo. Yaani mradi ambao ulikuwa ukifa kama ishara ya ushindani ulifufuliwa kama chombo cha sera ya nje.

Kwanza pande hizo mbili zilifanya mazoezi. Sergei Krikalev aliruka na chombo cha Marekani Discovery mwezi Februari 1994, Norman Thagard akaruka na Soyuz mwezi Machi 1995, na jumla ya Wamarekani saba walikaa Mir kwa vipindi mbalimbali, kwa mpango uliowagharimu walipa kodi wa Marekani takriban dola milioni 400. Haukuwa wakati wa raha. Mwezi Februari 1997 moto ulizuka ndani ya Mir, na tarehe 25 Juni mwaka huohuo chombo cha mizigo kikakigonga kituo na kutoboa Spektr, mojawapo ya moduli zake, yaani vyumba vilivyounganishwa kukiunda kituo, hewa ikaanza kuvuja huku Vasily Tsibliyev, Aleksandr Lazutkin na Mmarekani Michael Foale wakihangaika kukata nyaya ili wauzibe mlango wa moduli hiyo. Kulikuwa na wanasiasa wa Marekani waliotaka mpango usitishwe mara moja. Haukusitishwa, na miezi ile ya hatari ilizifundisha pande zote mbili jinsi mwenzake anavyofikiri mambo yanapoharibika, elimu ambayo haipatikani kwa kusoma mikataba.

Kituo kipya kilianza kujengwa tarehe 20 Novemba 1998, iliporushwa moduli ya Zarya, na historia ya moduli hiyo inaonyesha jinsi mambo yalivyofungamana: ilijengwa Moscow na kurushwa kwa roketi ya Kirusi kutoka Baikonur, kituo cha kurushia roketi kilichoko Kazakhstan, lakini kwa kuwa ililipiwa na Marekani, ni mali ya Marekani. Wiki mbili baadaye ikaunganishwa na Unity ya Marekani, na tarehe 2 Novemba 2000 wakazi wa kwanza wakaingia, Mmarekani William Shepherd pamoja na Yuri Gidzenko na Krikalev. Tangu siku hiyo kituo hakijawahi kubaki bila watu.

Hata mzingo wa kituo, yaani njia kinayoifuata kuizunguka Dunia, ni uamuzi wa kisiasa. Freedom kilipangiwa mzingo uliolala nyuzi 28.5 kutoka ikweta, ambao ni rahisi kwa roketi zinazoruka kutoka Florida. Roketi za Baikonur hazingeweza kuufikia. Kwa sababu hiyo kituo kiliwekwa kwenye nyuzi 51.6, uleule mwinamo wa Mir, ingawa uliwalazimisha Wamarekani kubeba shehena ndogo zaidi katika kila safari. Hata Baikonur, iliyo karibu nyuzi 46 kaskazini, haikuhitaji kupanda hadi 51.6, isipokuwa kwamba roketi ikielekezwa mashariki moja kwa moja, vipande vyake vinavyodondoka njiani vingeielekea China.

Ndani ya kituo kazi zimegawanywa vivyo hivyo. Kikiwa kimo cha kilomita 400 hivi, kituo hukutana na mabaki membamba ya hewa ambayo hukipunguza mwendo kidogo kidogo, kwa hiyo lazima kisukumwe juu mara kwa mara, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilitegemea zaidi injini za Urusi na vyombo vyake vya mizigo aina ya Progress. Marekani nayo ina mabapa makubwa ya sola yanayozalisha sehemu kubwa ya umeme, ukiwemo unaopelekwa upande wa Urusi, na ina jairoskopu nne nzito, yaani magurudumu yanayozunguka kasi, zinazokigeuza na kukituliza kituo bila kuchoma mafuta. Jairoskopu hizo zikifikia kikomo cha nguvu zake, injini za Urusi ndizo huzisaidia zirudi katika hali ya kawaida. Kila upande una chumba chake cha uongozi, mmoja Houston na mwingine Korolyov karibu na Moscow, na kila mwanaanga hujifunza Kiingereza na Kirusi.

Juu ya mitambo hiyo umewekwa mkataba wa serikali uliotiwa saini tarehe 29 Januari 1998 na nchi 15: Marekani, Urusi, Japani, Kanada na nchi 11 za Ulaya. Kila mshirika ana mamlaka ya kisheria juu ya moduli alizozisajili na juu ya raia wake, na washirika wameahidiana kutodaiana fidia mtambo wa mmoja ukiuharibu wa mwingine. Malipo mengi hufanywa kwa kubadilishana huduma badala ya fedha. Ulaya, kwa mfano, ililipa sehemu ya gharama zake kwa kutuma vyombo vitano vya mizigo kati ya 2008 na 2014. Utaratibu huo nao una vituko vyake. Mwaka 2009 mwanaanga mkongwe Gennady Padalka alilalamika kwa gazeti moja la Moscow kwamba maofisa walioko duniani walikuwa wameagiza kila upande utumie choo chake na baiskeli yake ya mazoezi.

Utegemezi ulijaribiwa mapema. Chombo cha Marekani cha Columbia kilipovunjika tarehe 1 Februari 2003 na kuwaua watu saba, Marekani ilibaki bila njia ya kuwafikisha watu kituoni kwa zaidi ya miaka miwili, na Soyuz ndiyo iliyokiweka hai, wakazi wakiwa wamepunguzwa kutoka watatu hadi wawili. Mwaka 2011 Marekani ilistaafisha vyombo vyake vyote vya aina hiyo na kuanza kununua viti kwa Warusi, kwa bei iliyopanda hadi takriban dola milioni 90 kwa kiti kimoja mwaka 2020. Ili ununuzi huo uwezekane, Bunge lilikuwa limelazimika kutunga msamaha maalumu mwaka 2005, kwa sababu sheria ya Marekani yenyewe ilikuwa ikizuia kuilipa Urusi kutokana na uhusiano wake na Iran. Baada ya Urusi kuitwaa Crimea mwaka 2014, NASA iliamriwa kusimamisha mawasiliano yote na Warusi isipokuwa ya kituo. Rogozin, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri mkuu, aliwakejeli Wamarekani kwamba wawarushe wanaanga wao kwa trampolini, na Elon Musk, mwenye kampuni ya SpaceX, akamjibu mwaka 2020, siku chombo chake cha Dragon kilipowabeba watu kwa mara ya kwanza, kwamba trampolini inafanya kazi.

Kwa hesabu ya kawaida, Dragon ingekuwa mwanzo wa kuachana. Kilichotokea ni kinyume. Mwezi Julai 2022, wakati vita vikiendelea na NASA ikiwa imetoka kukemea picha za wanaanga wa Kirusi walioshika bendera za maeneo ya Ukraine yaliyokaliwa, pande mbili zilitia saini mkataba wa kubadilishana viti bila malipo: Mmarekani mmoja aruke na Soyuz, na Mrusi mmoja aruke na Dragon. Sababu ni ya kiufundi. Iwapo vyombo vya aina moja vitazuiwa kuruka kwa hitilafu, na waliomo ni raia wa nchi moja tu, nusu ya kituo itabaki bila mtu aliyefunzwa kuiendesha, na nusu peke yake haiwezi kuishi. Frank Rubio akaruka na Soyuz mwezi Septemba, na Anna Kikina akaruka na Dragon mwezi Oktoba. Mwezi Desemba Soyuz iliyompeleka Rubio ilivujisha kimiminika chake cha kupoozea, na kiti cha Rubio kikahamishiwa kwa muda ndani ya Dragon, ili ikitokea dharura aokolewe nayo. Urusi ilituma Soyuz nyingine tupu, na Rubio akarudi baada ya siku 371.

Ukitaka kuona hali inavyokuwa bila fungamano la aina hii, tazama China. Mwaka 2007 China ilieleza hadharani nia ya kushiriki katika kituo. Mwaka 2011 Mbunge Frank Wolf wa Virginia aliingiza katika sheria ya bajeti kifungu kinachoizuia NASA kutumia fedha zake kushirikiana na China moja kwa moja bila idhini maalumu, na kifungu hicho kimerudiwa katika bajeti tangu wakati huo. Wako wanaouliza mantiki iko wapi, ikiwa Marekani iliweza kushirikiana na Wasovyeti waliokuwa wamewaelekezea makombora ya nyuklia. Jibu langu ni kwamba hofu zilielekea pande tofauti. Mwaka 1993 hatari ilikuwa ujuzi wa Urusi kwenda kwa wengine, na ushirikiano uliuzuia usitoke; kuhusu China, hatari iliyohofiwa ilikuwa ujuzi wa Marekani kwenda Beijing, hasa baada ya ripoti ya Bunge ya mwaka 1999 kuzituhumu kampuni za satelaiti kwamba ziliwasaidia Wachina kuboresha roketi zao. Tena China ya 2011 haikuwa na njaa ya fedha, na haikuwa na chochote ambacho Marekani ilikihitaji ili kituo chake kisife.

China ikajenga cha kwake, Tiangong, kuanzia Aprili 2021, kwenye mzingo wa nyuzi 41.5. Kiungio chake kinafuata mtindo uleule wa Kirusi wa pande zinazofanana, lakini hilo halisaidii sana, kwa kuwa kuhama kutoka mwinamo wa mzingo mmoja hadi mwingine hudai mafuta mengi kuliko yanayobebwa na chombo chochote cha wanaanga kinachotumika sasa. Mwezi Novemba 2025, chombo cha kuwarudisha wakazi watatu wa Tiangong kilipokutwa na ufa dirishani, ambao ulidhaniwa kusababishwa na takataka za angani, watu hao walirudi kwa chombo cha wenzao waliokuja kuwapokea, na China ikarusha kingine kitupu tarehe 25 mwezi huohuo. Kwa siku kumi na moja hivi, wakazi wapya walikuwa juu bila chombo salama cha kurudia, na hakukuwa na nchi nyingine yenye mpango, mkataba au njia ya kuwafuata.

Kituo cha Kimataifa nacho kinaelekea ukingoni. Marekani, Ulaya, Japani na Kanada zimekubali kukiendesha hadi 2030, Urusi hadi angalau 2028, na mwezi Juni 2024 NASA iliipa SpaceX kandarasi ya hadi dola milioni 843 ya kutengeneza chombo cha kukishusha baharini, kazi ambayo awali ilifikiriwa ifanywe na Progress za Kirusi. Vyombo vya Marekani, Cygnus na Dragon, vimekwisha kuonyesha kwamba navyo vinaweza kukisukuma kituo juu. Kwa mwezi, Urusi imejiunga na mradi wa China uliotangazwa mwaka 2021, na Marekani imekusanya nchi zake chini ya Makubaliano ya Artemis, yanayoweka kanuni za kuchunguza mwezi, ambayo Rwanda na Nigeria zilikuwa za kwanza kuyasaini barani Afrika mwezi Desemba 2022. Katika mipango yote hiyo miwili hakuna moduli hata moja ya upande huu iliyopangwa kuungana na moduli ya upande ule.